Kunde za Jioni na Ndoto za Mzee Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Aliyeshiba asogee. Aliye na njaa asogee karibu zaidi, maana hadithi hii ni ya chakula. Na wakubwa msiondoke. Waliosababisha mambo haya walikuwa wakubwa, si watoto.

Siku ile barazani walikuwapo wote. Alikuwapo Mzee Ngiri, mkuu wa bonde, amekaa juu ya kigoda chake. Alikuwapo Hondohondo, mwaguzi wa ndoto, amekaa juu ya tawi, juu kidogo kuliko mkuu, kwa sababu alisema ndoto husomwa kutoka juu. Alikuwapo Nungunungu, askari wa mkuu. Alikuwapo Pimbi, kajilaza chali kwenye jiwe lake la moto. Alikuwapo Bi Kobe, ambaye aliondoka kwake tangu jana ili awahi. Na alikuwapo Mama Kanga, na nyuma yake vifaranga wake wamejipanga kwa urefu. Wa mwisho kabisa alikuwa Tone. Tone alikuwa mdogo hata madoa yake yalikuwa bado hayajatosha mwili mzima.

Mama Kanga ndiye aliyeitwa. Walitaka kumfukuza bondeni, yeye na wanawe. Kosa lake lilikuwa kunde.

Mnashangaa. Hata yeye alishangaa. Ngojeni niwarudishe mwanzo.

Hapo zamani za kale, katika Bonde la Mikwaju, wanyama walikuwa na desturi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya asubuhi. Kabla ya kusukutua, jirani humwambia jirani, "Nimeota." Jirani hujibu, "Iwe heri." Ndipo ndoto husimuliwa. Usipoitikiwa heri, husimulii. Unaimeza, na siku inaendelea.

Desturi ya pili ilikuwa ya jioni. Ukialikwa chakula kwa mwenzako, huli tena kwako siku hiyo. Chungu chako kinabaki kimefunikwa mpaka asubuhi. Ukikifunua, umemtangazia mwenyeji wako kwamba kwake hukushiba, na hilo ni tusi ambalo hata wajukuu watasimuliwa. Ishikeni hiyo ya pili. Shikeni vizuri.

Sasa, Mama Kanga alikuwa mjane. Mumewe alichukuliwa na tai mwaka wa kiangazi. Mchana alipekua, alilima, alipalilia. Vifaranga wakaokota mchwa hapa na mbegu pale. Lakini jioni, jua likianza kuwa jekundu, Mama Kanga alibandika chungu cha kunde. Chungu kikachemka, gubu-gubu-gubu. Vifaranga wakakaa mkekani, wakala, do-do-do-do, wakalala. Hakuna aliyelia. Kwa Mama Kanga, siku ilikuwa njema kama hakuna aliyelia jioni.

Na jioni hiyo hiyo, kila nyumba ilimpelekea mkuu sahani iliyofunikwa. Ilikuwa heshima tu. Lakini Mzee Ngiri hakujua kuiacha sahani na kitu ndani. Akifunua hii, anamaliza. Akifunua ile, anamaliza. Kisha anakwenda kulala shimoni mwake, kinyumenyume, kama walivyolala baba yake na babu yake. Matako kwanza, pua mwisho.

Asubuhi moja Ngiri alitoka shimoni macho mekundu kama pilipili mbivu.

"Nimeota," akasema.

"Iwe heri," wakaitikia.

"Nimeota meno yangu haya makubwa yameng'oka. Yameanguka chini, puu. Na kiumbe mwenye madoa anayaokota."

Wote wakamtazama Hondohondo. Hondohondo akanyoosha shingo, akafumba jicho moja.

"Mheshimiwa, jana jioni ulikula nini?"

"Kidogo tu."

"Kidogo gani?"

"Viazi," akasema Ngiri. "Na mihogo. Na boga. Na tango. Na kunde za Mama Kanga. Na boga tena."

Hondohondo akafumba na jicho la pili. Wakangoja. Akafumbua.

"Ni kunde."

"Kwa nini lisiwe boga?" akauliza Pimbi kutoka jiweni. "Boga kalila mara mbili."

"Boga lilitoka kwangu," akasema Hondohondo.

Hilo likaonekana limetosha.

Basi Hondohondo akaeleza. Alisema kila chakula kina ndoto yake. Kiazi hukuangusha shimoni. Muhogo hukukimbiza na miguu isiende. Lakini kunde ndiyo mbaya, maana harufu yake hupanda, ikipanda hutembea, ikitembea huingia kwa mkubwa, kwa kuwa mkubwa ndiye mwenye pua kubwa. Mtoto akila kunde upande ule wa bonde, mkuu anaota vibaya upande huu.

"Kwa hiyo hata nisipokula mimi?" akauliza Ngiri.

"Hata usipokula, mheshimiwa. Wao wanakula, ndoto unaota wewe."

Ikatoka amri. Kunde za jioni ni marufuku bonde zima. Na ili mtu asishawishike, kunde zote zipelekwe kwa mkuu zikalindwe.

Tazama akili ya wakubwa. Kinachomharibia mtu usingizi kinakusanywa kutoka kila nyumba, kinawekwa kando ya kitanda chake.

Nungunungu akatumwa kuzikusanya. Akapita nyumba hadi nyumba, chakara-chakara-chakara, miiba yake ikigongana. Akachukua gunia la Bi Kobe. Akachukua kikapu cha Pimbi. Akachukua mtungi wa Mama Kanga, ule mkubwa, wa akiba ya kiangazi.

Na Ngiri akazilinda. Jioni akafungua gunia aone kama zinalindika. Akaonja kidogo asije akalinda zilizooza. Akaonja tena kuhakikisha. Bonde zima likalala njaa, na mkuu akalala na kunde za bonde zima tumboni.

Asubuhi: "Nimeota."

"Iwe heri."

"Nimeota nimeanguka shimoni, na shimo halina mwisho."

"Kiazi hicho," akasema Hondohondo.

Viazi vikapigwa marufuku. Vikakusanywa, chakara-chakara, vikalindwa. Asubuhi iliyofuata Ngiri akaota anakimbizwa na miguu haiendi. Mihogo ikapigwa marufuku. Ikakusanywa, chakara-chakara, ikalindwa, na matango pia. Kadiri vyakula vilivyolindwa, ndivyo ndoto zilivyozidi kuwa mbaya, na ndivyo tumbo la Ngiri lilivyoanza kugusa vumbi. Boga peke yake lilibaki halali. Lakini mashamba ya maboga yalikuwa ya Hondohondo, na Hondohondo alikuwa hawapi watu bure.

Kwa Mama Kanga mambo yakawa mazito. Mchana watoto waliokota walichopata. Jioni ilipofika, mkeka ukatandikwa kwa mazoea, watoto wakakaa kwa mazoea, na hapakuwa na cha kuweka katikati. Wakubwa wakamtazama mama yao. Tone hakumtazama. Alitazama chungu.

Mama Kanga alikuwa na kunde kidogo alizozificha chini ya majani ya kiota. Za mbegu. Jioni moja hakuvumilia. Akachukua konzi, akazipika haraka haraka, akawapa. Mara, chakara-chakara. Nungunungu huyo mlangoni.

Vifaranga wakameza. Tone hakuwahi. Mashavu yalikuwa yamejaa.

Nungunungu akainama. "Mtoto ana nini mdomoni?"

"Meno," akasema Mama Kanga. Hakujua ametoa wapi neno hilo.

Nungunungu akamtazama Tone kwa muda. Ndege mwenye meno alikuwa hajamwona.

"Meno mazuri," akasema. "Afunge mdomo asije akayapoteza."

Akageuka, akaenda zake. Na tangu siku hiyo, kila alipopita doria upande ule, alianza kutikisa miiba tangu mbali, tangu kule mtoni, chakara-chakara-chakara, mpaka mama mwenye kitu jikoni awe na muda wa kukificha na mtoto awe na muda wa kumeza. Mkuu akamsifu kwa bidii yake, kwa kuwa alisikika bonde zima akifanya kazi. Mama Kanga peke yake ndiye aliyejua bidii ile ilikuwa ya nini. Hakumwambia mtu. Alisema tu moyoni, ahsante, ndugu.

Bi Kobe naye hakukaa. Alikuwa akimletea Mama Kanga vipande vya tango ndani ya sahani iliyofunikwa. Alikuwa akiondoka asubuhi na kufika jioni. "Nilikuwa napita," alikuwa akisema. Kobe hapiti, wanangu. Kobe anakuja.

Kisha ikaja ndoto ya mwisho.

"Nimeota," akasema Ngiri, na sauti ilikuwa imekauka. "Nimeota nimekaa kigodani, na bonde lote linanicheka. Wote. Wakubwa kwa wadogo."

Hondohondo akatafuta chakula cha kupiga marufuku. Hakikubaki ila boga.

"Mheshimiwa," akasema, "vyakula vyote tumevikataza na ndoto bado zinakuja. Basi mbaya si chakula tena. Ni mwenye chakula. Ndoto ya kwanza ilisema nini? Kiumbe mwenye madoa."

Wote wakageuka. Bondeni mwenye madoa alikuwa mmoja, na wanawe.

Ndipo likaitwa lile baraza. Tumerudi pale tulipoanzia.

Hondohondo alitaka ushahidi. Akasema kila mmoja asimame aseme ameota nini, ili ionekane jinsi kunde za Mama Kanga zilivyoenea.

Pimbi akafumbua jicho. "Nimeota."

"Iwe heri."

"Nimeota kunde."

Bi Kobe akatoa kichwa. "Nimeota."

"Iwe heri."

"Nimeota kunde. Zina nazi."

Nungunungu akamtazama mkuu, akatazama chini. "Nimeota."

"Iwe heri."

"Nimeota niko kazini, nalinda."

"Unalinda nini?"

"Kunde," akasema Nungunungu. "Halafu zikapungua."

Barazani watu wakameza mate.

"Mmesikia," akasema Hondohondo. "Bonde zima limejaa kunde usiku."

"Niambie kitu," akasema Ngiri. "Kuota kunde ni sawa na kula kunde?"

"Ni kula bila kutafuna, mheshimiwa. Ni mbaya zaidi."

"Basi kuota kunde marufuku."

"Na mtu akiota boga?" akauliza Pimbi.

"Boga ruhusa," akasema Hondohondo.

Wakati wote huo Mama Kanga alikuwa na hasira. Alitaka kusema mengi, na mengine si ya kusemwa mbele ya watoto. Lakini alipoinua macho aseme, akamwona Ngiri vizuri. Akaona mifuko chini ya macho yake. Akaona kichwa kinavyoinama kwa usingizi, kisha kinashtuka, kisha kinainama tena. Hivi ndivyo walivyokuwa wanawe wakiugua. Na akakumbuka kwamba siku zote hizo bonde zima lilimuuliza Ngiri ameota nini, wala hakuna aliyemuuliza jambo dogo kuliko hilo.

"Mzee Ngiri," akasema, "umelalaje?"

Ngiri akamtazama kama hakuelewa.

"Vibaya, mama," akasema. Ilitoka sauti ndogo, si ya mkuu.

"Unasikia nini?"

"Nasikia kama nimekaliwa. Hapa." Akagusa tumbo, akapandisha mpaka kifuani.

"Na shimoni unaingiaje siku hizi?"

"Kinyumenyume, kama baba."

"Na tumbo linaingia?"

"Linaingia. Likisukumwa."

"Nani anakusukuma?"

Nungunungu akakohoa. Wote wakatazama miiba yake, kisha wakatazama pua ya mkuu, ambayo ilikuwa na vidoa vidogo vya kuchomwa chomwa, kisha kila mtu akapata kitu cha kutazama chini.

"Mzee wangu," akasema Mama Kanga, "leo jioni karibu kwangu, ule na wanangu. Ukilala vibaya, kesho asubuhi nitafunga mzigo, nitaondoka, wala hutaniona tena. Ukilala vizuri, niache nilee watoto wangu hapa."

"Mkuu hali kwa mshtakiwa," akasema Hondohondo.

Lakini Ngiri alikuwa anafikiri. Alikuwa anafikiria kunde zenye nazi. "Aliyealikwa haulizi," akasema. "Nitakuja."

"Basi nirudishiwe bakuli moja la kunde zangu, nikupikie."

Nungunungu akatumwa ghalani. Akakaa huko. Akakaa sana. Ikasikika sauti ya kitu kinakwangua chini ya mtungi, kwaru, kwaru, kwaru. Akarudi na bakuli, nalo halikujaa. Wote waliona halikujaa.

Jioni ile Bi Kobe alileta tango lake, na kwa bahati hakuwa ameenda mbali. Na Pimbi, aliyejulikana bonde zima kwa kutoinuka, aliinuka. Akaleta kuni. Akaziweka mlangoni, akasema, "Jiwe limepoa," akarudi kulala.

Mama Kanga akapika. Gubu-gubu-gubu. Akapakua kwenye sinia moja, kama inavyopasa, akatandika mkeka. Na adabu ya sinia mnaijua: kila mtu anakula palipo mbele yake. Hanyooshi mkono kwa mwenzake. Basi mkuu alikaa hapa, na vifaranga wakajaa kuzunguka sinia, na mbele ya Ngiri pakabaki sehemu ndogo kama sehemu ya mtoto yeyote.

Do-do-do-do, vifaranga wakala. Ngiri akateremsha pua. Mara moja, mara mbili, sehemu yake ikaisha. Akabaki anatazama sinia. Alikuwa mkuu wa bonde, na hakujua afanye nini.

Tone alikuwa amekaa ubavuni mwake. Tone hakuwa ameshiba. Mama yake alijua, maana alimjua akishiba anavyokuwa. Lakini Tone akamtazama yule mgeni mkubwa, akatazama sehemu yake tupu. Akaisukuma kunde moja kwa mdomo wake, polepole, ikabiringika mpaka mbele ya Ngiri.

"Babu, chukua hii," akasema. "Mimi nimeshiba."

Mama Kanga akageuza uso, akajifanya anapanga kuni.

Ngiri akaitazama ile kunde. Kisha akaila. Aliitafuna kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutafuna boga.

"Umeshiba, Mzee?" akauliza Mama Kanga.

Ngiri akatazama sinia. Lilikuwa linang'aa. Akamtazama Tone.

"Nimeshiba," akasema, kwani angesema nini.

Akarudi kwake. Gunia hilo hapo, vyungu hivyo hapo, vimefunikwa, huenda chini mna makombo. Akavitazama. Lakini alikuwa amekula kwa watu, na desturi ni desturi hata kwa mkuu. Akageuka matako kwanza, akarudi nyuma ajiandae kusukumwa. Fyuu, akaingia. Nungunungu alikuwa hata hajafika.

Asubuhi baraza likakusanyika. Mama Kanga alikuwa amefunga mzigo. Kila kifaranga amebeba kitu chake. Tone amebeba unyoya mmoja wa baba yake. Wakasimama, wakangoja.

Ngiri hakutoka. Jua likapanda. Ngiri hakutoka.

"Amekufa," akasema Hondohondo. "Kunde zimemuua." Akaruka kutoka tawini, akatua kando ya kigoda, akakikagua miguu kama mtu anayekagua cha kununua.

Mama Kanga akawakusanya wanawe chini ya mbawa, wote, hata wasioenea.

Mara kutoka shimoni ikasikika: koroooo. Kimya. Koroooo.

Pimbi akasema, "Maiti hiyo inakoroma vizuri."

Wakangoja. Ngiri akatoka jua likiwa utosini, amevimba uso kwa usingizi, macho meupe. Akapiga mwayo.

"Nimeota," akasema.

"Iwe heri," wakaitikia, na Mama Kanga ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Nimeota niko mdogo. Mama yangu ananikuna mgongo. Hapa, pale ambapo mwenyewe sifiki." Akapiga mwayo tena. "Basi. Ni hiyo tu."

"Mama ni bonde," akaanza Hondohondo. "Mgongo ni dalili ya maboga..."

"Nyamaza," akasema Ngiri. "Hiyo ni mama yangu."

Kisha akapanda kigodani, akakumbuka kuwa ni mkuu. "Nimechunguza jambo hili kwa makini," akasema, "kwa kuutoa mwili wangu mwenyewe. Nimegundua kwamba kunde hazina neno. Tena zimebaki salama kwa sababu ya ulinzi wangu. Zirudishwe kwa wenyewe."

Wakaenda ghalani. Wakafungua gunia. Maganda. Wakainamisha mtungi. Maganda. Wakafunua vyungu vya viazi na vya mihogo. Maganda, maganda matupu, mpaka magotini.

"Panya," akasema Nungunungu, akiangalia pembeni.

"Panya wakubwa," akasema Pimbi.

"Wenye meno ya kutoka nje," akasema Bi Kobe.

Kifaranga mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Bi Kobe akaingiza kichwa ndani na gamba likawa linatikisika. Bonde lote likacheka, wakubwa kwa wadogo, na Ngiri amesimama katikati yao juu ya maganda. Ilikuwa ile ndoto yake ya mwisho, imekuja mchana. Akangoja aanguke, au azame, au meno yang'oke. Hakuanguka. Tone naye alikuwa anacheka, akimwegemea mguu.

Ngiri akasema, "Ho." Kisha akasema, "Ho, ho." Kisha akashuka, akamwendea Mama Kanga.

"Fungua mzigo wako, mama," akasema.

Mama Kanga akaufungua. Ndani, chini ya mkeka, mlikuwa na zile kunde za mbegu alizozificha, alizotaka kwenda nazo ugenini. Hazikuwa nyingi. Akamgawia Bi Kobe, akamgawia Pimbi. Nungunungu alikuwa amesimama mbali kidogo, haombi. Alimgawia yeye zaidi.

Basi wanangu, na nyinyi mliokaa nyuma mkijifanya mmelala: ukijaza tumbo ndipo ulale, ukaota vibaya, usitafute wa kumlaumu nyumba ya jirani. Liulize tumbo lako. Na usimnyime mtoto chakula chake cha jioni kwa sababu ya ndoto ya mkubwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, kama sinia lile, halina punje.

Mvua zilipokuja, kunde zilipandwa bonde zima mpaka mlangoni kwa Ngiri, na za mlangoni alizipalilia mwenyewe.